Mpira Katika Matuta ya Ndaga

Nilikwenda kudai fidia, si kucheza.
Matuta yangu manne ya viazi, yaliyoanza kutoa maua,
yalikuwa yamekanyagwa na watu wa suruali nyeupe
waliofika Ndaga jana yake
na gari lililozibwa kioo cha nyuma kwa nailoni,
nchi kumi na nne nyuma yao,
tano mbele.

Mwenyekiti alishatueleza mkutanoni:
hawa wanazunguka wakicheza kriketi,
si mabingwa, wala hawalipwi;
mmoja fundi bomba, mmoja daktari wa meno,
yupo na dada wa Bulawayo anayeuza vitambaa.
Kila mkimbio, wakiukimbia wao au tukiukimbia sisi,
kuna mtu huko kwao ameahidi mfuko wa saruji.
Zahanati yetu ilikuwa imekomea kwenye msingi
tangu mwaka wa mvua ya mawe.

Basi nikashuka na jembe begani,
ukungu umekaa juu ya uwanja wa shule
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
Nikauliza, nani mkubwa wenu?
Wakatazamana. Wakahesabiana.
Walikuwa kumi. Wa kumi na moja
walimwacha Tunduma na homa, akiapa atawafuata.
Mwalimu Ambokile, aliyekuwa akiandika hesabu ubaoni,
akatafsiri malalamiko yangu kwa maneno mengi mno.
Sijui alisema nini.
Nilichoona ni yule dada wa Bulawayo
ananipokea jembe kwa mikono miwili, kwa adabu,
na kunipa ubao wenye mpini.

Mrushaji alikuwa Lwitiko wa darasa la saba,
yule yule ninayemfukuza kwenye maparachichi yangu.
Alitokea ukunguni mbio, kama deni.
Vile vijiti vitatu sikuvilinda,
sikujua kama vinalindwa.
Niliinua ninavyoinua jembe Januari,
udongo ukiwa mzito,
nikashusha.

Hakuna aliyeona ulikokwenda.
Tulisikia tu: ko!
Kisha kimya. Kisha mbwa.
Kimbia, mama Anyosisye!
Wapi?
Kule! Nikafika. Rudi! Nikarudi.
Khanga ikafunguka, nikaibana kwapani, nikaenda tena.
Darasa la saba zima likaingia kwenye viazi vyangu kuutafuta,
likikanyaga matuta mengine matatu,
na mimi, mwenye kesi, napiga kelele:
msiuone! msiuone bado!
Saruji saba. Nane.
Mwamuzi akasema sheria hairuhusu,
mpira ukipotea hesabu ina kikomo.
Mwalimu Ambokile akasema, sheria ya wapi?
Wakaandika sita.

Fidia nilisahau kuidai.

Mei nikichimba, jembe likagota
kwenye kiazi chekundu kisichokatika.
Mishono ilikizunguka katikati,
midogo, iliyobana,
kama ile ya tumbo la mdogo wangu Tumpale
aliyepelekwa usiku kwa pikipiki, mteremko wote ule,
akarudi na mshono
bila mtoto.
Nikakaa juu ya tuta.
Nikaushika mpaka ukapata joto.

Kama walifika mwisho wa safari yao, sijui.
Siku moja Mwalimu alisema wapo Sudani,
siku nyingine akasema wameuza gari.
Saruji ilikuja, mifuko mia moja na kumi na miwili,
mitatu imeganda kwa unyevu.
Sita ni yangu; nimemwonyesha Tumpale ukuta,
nikabahatisha ni wapi.

Sasa kuna bati. Kuna kitanda cha kuzalia.
Mlango hauna kitasa bado,
na upepo wa Uporoto unausukuma kutwa.
Muuguzi ameuzuia kwa mpira.
Ukimuuliza ni wa nani,
ataniita shambani.