Mlinzi wa Masweta

Kabla ya muhula ule somo la michezo lilikuwa hivi:
mwalimu anarusha mpira mmoja kupitia dirishani,
wavulana wawili, daima walewale, wanachagua watu
kama mtu anayechagua viazi, akibonyeza bonyeza,
na kiazi cha mwisho ni mimi.
"Akeyo, shika masweta."
Nikashika. Miaka minne nilishika,
nikajua la nani linanuka moshi, la nani limetoboka kwapani.
Nilidhani huo ndio mchezo wangu.

Kisha akateremka Bi. Jelagat kutoka milima ya Tinderet
hadi kwetu Muhoroni, penye vumbi na harufu ya molasi.
"Muhula huu hatuna vipindi," alisema. "Tuna msimu.
Muwa hukaa mwaka mzima na zaidi ardhini.
Ninyi nawaomba wiki kumi na mbili tu."

Timu tatu: Radi, Siafu, na moja iliyojiita Molasi
kwa sababu walikuwa wazito na hawakuona haya.
Hakuna kuhama timu. Mkigombana, mtagombana humo humo.
Na kila mtu kazi yake:
Imbuga akapewa filimbi, yeye aliyekuwa haongei darasani.
Kiprugut akashona wavu kwa kamba za magunia ya sukari
na kila asubuhi akachora mistari kwa jivu la jikoni.
Mudogo, nahodha wetu.
Mimi, daftari.
"Lakini kila mtu atacheza," alisema Bi. Jelagat,
akinitazama mimi na masweta yangu.
"Masweta yatajilinda yenyewe."

Nilicheza. Vibaya, mwanzoni; mpira ulinipiga usoni
wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu mara mbili.
Hayo pia niliyaandika.

Wiki ya saba daftari likaninong'oneza siri:
kati ya mipigo ishirini ya Mudogo ya kuanzia
kumi na mitatu ilikufa kwenye wavu,
na yote kumi na mitatu
ni pale tulipokuwa karibu kushinda.
Nikamwonyesha. Alininunia siku nne.
Siku ya tano nilimwona nyuma ya vyoo,
yeye na mpira na ukuta,
anavuta pumzi, anapiga. Anavuta pumzi, anapiga.

Ijumaa ya fainali king'ora cha kiwanda kililia saa tisa.
Akina mama waliacha nyanya zao sokoni wakaja kutazama,
mwalimu mkuu akaja na tai,
Molasi, waliokuwa wameshatolewa, walipanga viti, wakaimba,
wakaamua mechi bila kumpendelea mtu.
Kila timu ilitoa mtu wa kulinda mstari.
Siafu walinitoa mimi,
na bendera ya kipande cha leso nyekundu.

Radi ishirini na nne, Siafu ishirini na tatu.
Mudogo ana mpira.
Uwanja mzima ulisikia akivuta pumzi.
Ukapita juu ya wavu, jamani, ukapita,
safi, juu, mrefu,
ukaja ukaanguka miguuni pangu.

Jivu halikutimka.
Kidole kimoja. Labda kidole na ukucha.
Hakuna mwingine aliyekuwa karibu vya kutosha kuona.

Bendera ile ilikuwa nzito
kuliko masweta arobaini.
Nikaiinua.

Radi walirukaruka hadi wavu wa Kiprugut ukakatika.
Nami nikakaa nyasini kuandika ishirini na tano,
mkono ukitetemeka, tano ikatoka kama sita.
Mudogo akaja. Akaokota sweta lake mwenyewe,
akalikung'uta, akaketi kando yangu.
"Ule wa mwisho umeuandikaje?"
"Nje. Kidole kimoja."
Akanyamaza, akiwatazama wale wanaocheza ngoma.
"Andika pia kwamba nilivuta pumzi."

Nikaandika.