Chenga

Umeme ulikatika Ibra baada ya isha,
Agosti, kuta zikitema joto zililomeza mchana,
na mamdogo Thuwaiba hakuuacha mchele wake.
Alipeta kwa mazoea, kwa sikio,
simu ya mjukuu imeegemezwa kikombe cha kahawa
ikimpa mwanga wa kuazima.
Nikamwambia: usiondoke hapo.
Niende wapi, akasema, na ungo huu?

Nikapandisha usikivu wa kamera
hadi elfu kumi na mbili na mia nane.
Kumbe jicho nalo ukilitega mno gizani
husikia damu yake lenyewe.

Picha kumi na tisa.
Maskati, mbele ya kompyuta, nikavivuta vivuli juu
polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya wenyewe,
na humo mkatoka
punje nyekundu, punje za buluu,
shavuni, kwenye mtandio, ukutani pasipo na kitu,
na milia.
Milia iliyonyooka, ukingo hadi ukingo,
kama kikoi alichofunikwa usoni
na mtu asiyemjua.

Prakashan, fundi wa Ruwi, aliiweka kamera sikioni
kunichekesha, au labda ndivyo afanyavyo.
Haiumwi, akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni.
Joto. Hata mimi ningepiga kelele.
Rudi palepale. Joto lilelile, muda uleule.
Usivue kifuniko. Piga giza.
Kisha toa giza hilo katika picha yako:
utakuwa umeondoa yale
ambayo kamera hujisemea isipoona kitu.

Basi nikarudi, kilomita mia na hamsini
kwenda kupiga picha ya hakuna.
Nikazima kiyoyozi, watoto wakanilaani.
Mamdogo akachungulia:
Mbona kifuniko hujavua?
Napiga giza.
Alhamdulillahi, akasema, umesoma mpaka ukafika hapo.

Akakaa lakini. Tukanyamaza wote wawili,
jasho likitutambaa mgongoni, kamera ikibofya,
na katika kule kutoona kitu
midomo yake ikaanza yenyewe:
kibaba, vibaba viwili, vitatu,
nusu pishi, pishi,
vipimo ambavyo hakuna duka la Ibra linalovijua,
na miaka hamsini na kitu
hakuna aliyemuuzia kitu kwavyo.
Sikumuuliza.

Giza likatoka katika picha.
Milia ikaondoka, isipokuwa mmoja
karibu na sikio, mwembamba, mkaidi.
Milia ina adabu ya kukaa mahali pamoja,
ndiyo maana hukamatika.
Chenga hazina. Kila picha huanguka kwingine,
huzipati ila kwa kuzilaza zote kumi na tisa
moja juu ya nyingine, na kuchukua wastani.
Nikazilaza.
Uso ukatulia, safi, kama maji ya mtungi.
Ila mkono! Mkono uliokuwa ukipeta
ulikuwa mahali kumi na tisa,
na wastani wake ukawa moshi.

Nikajaribu dawa nyingine, ile ya kufuta.
Ikafuta chenga,
ikafuta na alama ya mafuta ya moto chini ya kidevu,
ikanirudishia mwanamke wa plastiki
aliyevaa mtandio wa mamdogo.

Saa tisa usiku nikachagua moja tu, ya saba,
mkono uko juu, mchele uko hewani
na kila kitu kimejaa punje,
hata pasipofika mchele.

Nilimpelekea kwenye fremu.
Akaigeuza kwanza, akatafuta tarehe nyuma.
Akaigeuza tena, akapitisha kidole kwenye kioo,
akakiangalia kidole.
Ina chenga, akasema.
Nimeziacha.
Akaitika kwa kichwa, tayari anaelekea jikoni.
Chenga hazitupwi, akasema. Hupikiwa uji.