Jicho la Duara

Nyundo yetu haipigilii msumari.
Ni tufe la kilo nne, waya, mpini wa pembe tatu,
na mwanamke anayekubali kuvutwa
ili naye avute.

Budapest, asubuhi ya mchujo, saa tatu haijagonga.
Viti elfu thelathini, watu labda mia tisa:
jamaa za warushaji, na wanafunzi walioletwa kwa basi
wanaotafuna mbegu za alizeti na kutema maganda.
Wenye akili zao wamelala; fainali ni kesho usiku.
Mimi nimesimama nje ya wavu, bendera mbili mkononi,
nyeupe kulia, nyekundu kushoto,
Ilka wa Győr, fundi miwani,
niliyefunga duka siku tisa
nije kuchunga pete ya chuma na nyayo za watu.

Si kazi ya kutazama angani.
Nyundo zaruka, sizioni.
Nasikia tu: waya unavuma, kiatu kinasaga saruji,
moja, mbili, tatu, nne,
kisha ukelele,
kisha kimya,
kisha nyasi zinasema: dufu.
Miaka ishirini na miwili nimezijua nyundo kwa dufu zake.

Viorica wa Moldova alikuwa amekwisha kuharibu mara mbili.
Ya kwanza wavuni; kizimba kizima kilitetemeka
kama chandarua kilichoingiwa na popo.
Ya pili nje ya mstari wa kulia.
Glavu yake imeshonwa upya kidole cha kati, uzi wa kijani,
na babaye, ndiye kocha, kule ukingoni
hakusema neno. Alivua kofia, akaivaa, akaivua.

Ya tatu.
Alifuta nyayo kwenye kipande cha zulia, akaingia.
Akaizungusha juu ya kichwa mara mbili, polepole,
kama mtu anayetafuta stesheni redioni.
Kisha akaanguka ndani ya mzunguko.
Sina neno jingine. Alianguka asianguke,
kisigino, kidole, kisigino, kidole,
dunia inamkimbia naye kaishika mkia,
na alipoiachia

sikusikia dufu.
Nilisikia wale wanafunzi wakisimama.

Lakini macho yangu yalikuwa chini,
mahali yanapolipwa yakae.
Na ncha ya kiatu cha kushoto,
kwa muda wa kupepesa kope,
ilikuwa juu ya pete.
Au weupe wa pete ulikuwa juu ya ncha.
Mkono wangu wa kushoto ulipanda kabla sijautuma.

"Ilipita mstari wa kufuzu kwa mita mbili,"
alininong'oneza wa kipimo,
kwa sauti ya mleta habari za msiba.
Baba akaenda meza ya rufani. Wakatazama kamera:
kamera iliona mgongo wangu.

Yeye hakuniuliza kitu.
Aliinua mguu, akaukodolea macho unyayo wa kiatu,
kama asomaye tarehe kwenye chupa ya dawa,
akaushusha.
Akatoka kwa nyuma ya duara, kama sheria inavyotaka,
ingawa hakukuwa tena na la kuharibu.

Usiku, chumba cha waamuzi, ghorofa ya tano,
tramu inapita chini kama droo ya vijiko.
Mume wangu kapiga simu: nani kashinda?
Bado, nikamwambia. Leo ilikuwa mchujo tu.

Nikavua viatu.
Kwenye ncha ya cha kulia, rangi nyeupe,
ukubwa wa ukucha wa mtoto.
Nilipiga magoti kando ya pete ile asubuhi, kuipangusa.
Au ilikuwa baadaye, kuikagua,
na alama niliyoiona pale, nikaihesabu ni yake...
Sikumbuki kipi kilitangulia.

Kesho nimepangwa duara lile lile.
Nimefuta miwani mara tatu.
Haina doa.