Hesabu ya Uwanja

Walinifanya mweka hazina kwa sababu nina kikokotoo,
na kwa sababu mwenyekiti ni kaka yangu.
Hazina yenyewe imelala katika kopo la maziwa ya unga:
faranga za michango, na dola tatu zilizochanika pembeni
ambazo hakuna duka la Birere litakalozipokea.

Goma inaomba Michezo. Olimpiki, ndiyo.
Usicheke kabla sijamaliza.
Fomu ina kurasa mia mbili na moja,
na ukurasa wa tisa unataka uwanja mkuu:
viti elfu sitini, duara la mita mia nne,
gharama kwa tarakimu na kwa maneno.

Tulianza na mchoro wa wageni, bakuli la kioo
lenye paa linalofunguka kama ua.
Katembo, mhandisi wetu, aliutazama kitambo,
akauliza: majivu yakinyesha, nani atapangusa?
Bei yake ilikuwa na sifuri nyingi hata kikokotoo
kikaandika E, kikanyamaza.

Mtu akasema tujenge juu ya ziwa, maji hayana kodi.
Nsimire, aliyeuza sambaza miaka kumi na minane,
akamjibu: ziwa hili lina gesi ya kutosha
kukurusha juu bila mazoezi.
Tukafuta.

Ndipo Jumatano, jua likiwa bado changa,
mimi, Katembo, na Semivumbi wa chukudu
tukapanda kaskazini, pale jiwe lilipokuja likiwaka
likapoa limekunja mgongo, likaacha bonde la mviringo.
Jiwe jeusi, kali, linakula soli.
Ngazi zimo tayari, akasema Katembo, mlima umechimba bure.
Na kokoto haihitaji lori, tunaikanyaga.
Mwenge nao, Semivumbi akaelekeza kidevu juu,
si ule pale, unawaka kila usiku?
Nikataka kuuandika. Lakini fomu inauliza
utazimwaje siku ya kufunga.
Sote tukatazama viatu vyetu.

Tulipima kwa kamba, fundo kila mita kumi.
Semivumbi alisukuma chukudu kuchora duara,
gurudumu likilia, tii, tii, hadi kona ya pili
lilipokwama mbele ya mwanamke
aliyekuwa akimwagilia lengalenga zilizoota kwenye ufa.

"Papa, munapima nini hapa?"
"Uwanja, mama. Njia ya tatu inapita hapa."
"Hii fasi," akasema, "ni jikoni yangu."

Hapakuwa na jikoni.
Akapiga jiwe kwa kisigino mara mbili, kama anayebisha hodi.
"Chini. Mita tatu, labda ine. Kuko masufuria,
kuko maharagi niliachaka kwa moto.
Sijui kama ilishaivaka."

Nikatoa daftari. Jina? Kavugho.
Nikamwuliza fidia yake itakuwa kiasi gani.
"Fidia ninaisikiaka kwa redio," akasema. "Haijafikaka."
Hataki pesa. Anataka kiti.
Si cha wakubwa, si cha kivulini.
Hapa hapa, juu ya mlango wake,
ili mbio zikipita, naye awe nyumbani.

Katembo akamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma
kwamba hapa ni njia ya wakimbiaji,
kiti hakiwezi kukaa njiani.
"Basi musogeze njia."

Tukarudisha kamba mwanzo.
Duara likasogea hatua sita kuelekea ziwani,
Katembo akinung'unika kuhusu mteremko,
Semivumbi akipiga mluzi, na mimi nimebeba ndoo ya maji
kwa sababu mama alinipa tu, bila kuniomba.

Usiku, umeme ukiwa umekwenda zake,
nikajaza ukurasa wa tisa kwa taa ya simu.
Mahali: juu ya jiwe.
Gharama: kamba, na viatu jozi tatu.
Viti: elfu sitini.
Vilivyokwisha kulipiwa: kimoja.