Mizani Ikiwa Tupu

Nimetumwa kupima, nikapewa fomu:
ubora wa mfumo, ubora wa taarifa,
matumizi, kuridhika, manufaa halisi.
Tallinn, ghorofa ya saba, mwezi wa Februari,
theluji inaanguka kama unga wa chekeche lisilochoka.
Wizara inataka namba moja kabla ya Ijumaa,
namba ya kusimama yenyewe kwenye karatasi ya waziri
bila mkongojo.

Namba ziko, tele.
Mwaka mzima seva ilisinzia dakika kumi na tisa tu.
Ukurasa hufunguka kabla hujapepesa.
Hojaji inasema tisini na mbili kwa mia wameridhika,
nami najiuliza, waliojibu ni akina nani
kama si wale waliofika mwisho wa njia?
Aliyekwama kwenye nywila
hakuulizwa kama mlango ni mzuri.
Kimya kingi, walisema wahenga.
Siimalizi methali. Jedwali halina safu ya mshindo.

Kaarel wa takwimu akapiga meza:
"Mtazame huyu, wa Võru!
Usiku wa saa tisa, kila usiku, Januari nzima,
dakika ishirini kwenye ukurasa mmoja.
Hana mfano kwa uaminifu.
Mpe mstari wake kwenye ripoti."
Habofyi kitu, nikasema.
"Basi anasoma kwa makini."

Nikashuka Võru kwa basi, misonobari saa nne.
Maktabani nikamkuta Piret, penseli nyweleni,
na daftari la karatasi lenye majina thelathini na sita:
wazee ambao herufi zetu kwao ni sisimizi.
Kila Jumanne huwafungulia mfumo mmoja mmoja,
dawa, miadi, ruzuku ya kuni.
Kwetu ghorofa ya saba yeye ni kompyuta moja,
mtumiaji mmoja.
Nikuandikeje? nikamuuliza.
"Andika moja. Ila nikishikwa na mafua
wilaya nzima imezimika."

Karibu na jiko la kuni alikaa Endel,
aliyekuwa akitengeneza mizani za kiwanda cha maziwa.
Nilikuwa sijauliza.
"Usiku wa saa tisa ni mimi," akasema,
"Piret kaniambia mnatafuta watu wa kuhojiwa.
Usingizi ukinikataa, nafungua ukurasa wa Helju.
Mke wangu. Aliniachia idhini. Alikwenda Oktoba.
Mmeandika: miadi ijayo, Machi kumi na nne,
saa tatu asubuhi, jicho la kushoto.
Hakuna aliyefuta.
Naangalia tu.
Kumbe kuna mahali bado anasubiriwa."

Kosa hili nalijua kwa jina:
taarifa isiyosasishwa, daraja la pili,
lirekebishwe ndani ya saa arobaini na nane.
Kalamu ilisimama juu ya kisanduku.
Aliiona. Akakuna kidole kilichokatwa ncha
na chuma fulani cha zamani.
"Mizani ya maziwa," akasema, "mara nyingi haikosei uzito.
Hukosea sifuri.
Tulikuwa tunaiondolea ndoo kwanza,
tunaitazama ikiwa tupu.
Ikisoma kitu, hicho kitu ni chako, si cha maziwa."
Kisha akauliza kama basi la jioni
bado linapita kwa duka la mbolea.

Waziri alipata namba yake.
Tisini na mbili, na kinyota kidogo begani,
na chini ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi,
majina thelathini na sita yasiyo majina,
na sentensi moja kuhusu walionyamaza,
ambayo Kaarel aliifuta mara mbili
nikairudisha mara tatu.

Manufaa halisi: niliacha wazi.
Uaminifu: niliuondoa mstari wa mtu wa Võru.
Na lile kosa la daraja la pili nililiandika kama inavyotakiwa,
mahali, aina, uzito wake,
ila kwenye tarehe ya kurekebishwa
nikavunja kanuni ya saa arobaini na nane,
nikajaza, kwa mkono wangu:
Machi kumi na tano.