Fremu ya Mita Moja

Bwawa la Divulkulama halikuzaliwa.
Lilijengwa kikapu kwa kikapu cha udongo
na watu ambao hawakuacha hata jina,
kisha likajisahaulisha kwamba ni kazi ya mikono,
likaota ndevu.

Nayomika yumo majini hadi magotini
na fremu ya mabomba ya plastiki, mita kwa mita.
Huitupa bila kutazama, ndiyo kanuni,
na kitakachonaswa ndani ndicho kihesabiwe.
Sehas, mtoto wa jirani, yuko ukingoni na daftari.

"Yungiyungi jeupe, majani tisa.
Kangaga, mashina arobaini na moja.
Ndago. Na ndago nyingine, usizichanganye,
hii ipapase: shina lina kona tatu.
Kekatiya, mashada matano."
"Hiyo mama huipika na nazi."
"Iandike kwanza. Utaila baadaye."

Gugu maji nalo limefika,
zambarau tupu, mgeni wa harusi asiyealikwa
aliyevaa kumshinda bibi arusi.
Analihesabu vilevile. Hesabu haina kinyongo.

Juu, maji yaingiapo, kuna msitu mwembamba
uliopandwa na popo kwa kutema kokwa;
huukinga upepo usilambe bwawa wakati wa kiangazi.
Chini ya msitu, mkanda wa nyasi:
tope likipita hapo hushikwa shati,
maji yakaingia bwawani yamekwisha nawa miguu.

Na juu ya tuta ile miti ya gome jeupe,
mizizi imekumbatia udongo vidole kwa vidole.
Wenyeji huiita kumbuk.
Sikio langu, lililolelewa kwingine,
kila mara huongeza irabu mwishoni.

Saa saba wanavuka tuta, upande wa mashamba.
Hapa palikuwa na kichaka, kattakaduwa:
mkadi, mwarobaini, mianzi, miiba isiyo na soko.
Maji yaliyovuja chini ya tuta yalipita humo kwanza,
kichaka kikanywa chumvi yote kimyakimya,
mpunga ukapata maji matamu
na hakuna aliyeuliza nani kalipa.

Misimu mitatu iliyopita Punchirala, mjomba wake Nayomika,
alikodi tingatinga kwa siku mbili.
Nusu eka ya ziada! Mwaka ule aligawa magunia,
hata karo ya chuo ya Nayomika
ilitoka humo.

Sasa ardhi ina weupe wa unga uliomwagika
na mpunga umesimama manjano, hauanguki wala hauzai.

Fremu inatua. Majini ilikuwa haina sauti.
Hapa imegonga, ko!
kama kijiko kwenye sufuria tupu.

"Andika."
"Niandike nini?"
"Sifuri."
Sehas anachora duara polepole, anaogopa kulikosea.

Mjomba amekuja na mwavuli wake, kasimama kando.
Hamkani, wala haombi radhi.
Anauliza tu kama daftari lile husomwa na serikali.
"Husomwa na watu wawili au watatu," asema Nayomika.
"Na jina langu limo?"
"Humo mna majina ya mimea tu, mjomba."

Kimya. Korongo mmoja anapita, anaamua kutotua.

Kisha ncha ya mwavuli inashuka,
inagusa pembe ya fremu, ndani kidogo tu:
"Na hicho?"

Kijani. Hakizidi ukucha wa mtoto.
Jani nene, limejaa maji yake lenyewe.
Nayomika anapiga magoti kwenye chumvi,
anavua miwani, anaivaa tena,
analikata jani kipande, anakionja.

"Futa sifuri," asema. "Andika moja."
"Jina?"
Anafikiri kwa muda mrefu, jua likimchoma shingo.
"Acha wazi."