Pishi na Kibaba

Walishuka gatini Mkoani na miwani ya jua,
baba, mama, na binti wa miaka minane,
watu wa Moshi, wa chini ya mlima wenyewe.
Vuli ikawapokea kabla sijawapokea mimi.
Siku ya tatu nilikuwa nimemaliza mabeseni:
la bluu ukumbini, la kufulia kwenye ngazi,
na sufuria ya pilau chumba namba mbili,
juu ya godoro, ikilia ting, ting.

Ndeshi aliniuliza, "Mlima wa huku uko wapi?"
Nikamwambia, umeulalia usiku kucha.
Akachungulia dirishani: mgomba, bati la jirani,
kilima, nyuma yake kilima kingine.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Sikukasirika. Hapa Limbani panapopanda ni mlima,
mwulize aliyebeba gunia.

Umeme ulikatika alfajiri.
Baba mtu, Bwana Elirehema, mhasibu,
alilisoma gazeti la juzi mpaka matangazo ya mnada,
akafungua mlango, akaufunga,
akaufungua tena, labda mvua imesahau kitu.
Nikawatolea keram ya kaka yangu Shaame, aliyehamia Tanga.
Kete moja nyeusi ilipotea zamani,
pahala pake pana kizibo cha soda.
Poda sina. Nikawanyunyizia unga wa muhogo.
Aikande, mkewe, mpole vile vile,
akamfunga mara nne, ya tano kwa pembe.
Mtoto hakucheza. Alimshika malkia mwekundu
mkononi, akimpasha moto.

Saa tano mbingu ikajidai kutulia,
jua likatoka kama mdaiwa, nusu uso.
Hila hizo nazijua, na kila mwaka naziamini.
Nikatandaza karafuu uani, majamvi matatu.
Chai haijapoa: tone. Tone la pili.
"Karafuu jamani!"
Na watu waliolipia chumba na chai ya asubuhi
wakatoka pekupeku, huyu ncha, yule ncha,
Ndeshi nyuma yao akiokota zilizomwagika
moja moja, kama kila moja ina jina.

Basi ukumbi ukajaa. Harufu ikapanda mapaziani.
Nikaleta na mbichi, zilizochumwa jana, zinazongoja mikono,
nikawaonesha: shika shada, livunjie kiganjani,
karafuu huku, makonyo kule.
Usikaze, haikimbii.
Vidole vya mhasibu vilikuwa vizito kwanza,
kisha vikapata mwendo, na ulimi navyo.
Akasema bibi yake kule Kibosho alianika kahawa,
mvua ikija wajukuu wote walikimbia hivi hivi,
na yeye, mdogo kuliko wote,
alikuwa akilala juu ya rundo ili lisilowe.
Aikande akaacha kuvunja.
"Hilo hujawahi kuniambia."
Ndoa ya miaka kumi na moja.
Bati likajibu badala yake, kwa muda mrefu.

Jioni nikapima. Fungu la mtoto: pishi na kibaba.
Nikamhesabia kama ninavyowahesabia Time na Bikombo,
kila kibaba na sarafu yake, sarafu tano.
"Hapana, mama," baba akasema, "alikuwa anacheza tu."
Nikamwambia, kucheza ni kwake,
vibaba ni vyangu, nami sili jasho la mtu.
Ndeshi akazifunga kwenye ncha ya kanga ya mama yake,
akalala amekumbatia fundo.

Kesho yake jua kali, la kejeli.
Wakaenda Vumawimbi, wakarudi na mchanga masikioni,
wakapiga picha, wakaondoka.
Picha za mvua hawana.

Ijumaa nimefungua keram nipanguse unga.
Malkia hayupo.
Kwenye tundu la pembe, sarafu tano,
zote, zinanuka karafuu.

Sijampigia mtu simu.
Nimekunywa soda, nyekundu,
nikaweka kizibo.